Kundi la telefone katika shirika: mto ao mtungi?

Siku hizi ni vigumu kupata shirika katika mji wa Goma lisilokuwa na kundi lake la telefone. Wamama wana kundi lao, waimbaji wana lao, vijana wana lao, makatekista wana lao, hata sisi mapadri tuna letu. Asubuhi mtu anapofungua telefone yake anakuta habari mia mbili: salamu, sala, picha za ndoa, tangazo la kilio, bei ya mahindi, maneno ya vita, wimbo, na katikati yake ulizo moja la maana ambalo hakuna mtu aliyelijibu. Wengine husema: "Hayo ni mambo ya vijana." Wengine husema: "Telefone inaharibu watu." Sisi hatutaki kuisifu telefone wala kuilaani. Tunataka kueleza jambo moja tu: namna gani mazungumzo ya watu wengi yaweza kupangwa, kusudi yawaletee ujuzi wa kweli na msaada, yasiwe kelele tupu.

Tunachukua mfano wa kartie Mapendo, katika komini ya Goma, kwa sababu ndiko tunakofanya kazi, na kwa sababu watu wa Mapendo walijifunza jambo hili kwa shida kubwa.

I. Mambo tuliyoyaona katika mwaka 2021

Siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, wakati wa magaribi, volkano Nyiragongo ilipasuka. Hakukuwa alama wazi ya kuonya watu siku nyingi mbele. Moto ulishuka mpaka Buhene, kaskazini ya mji, karibu na kiwanja cha ndege, kiisha ukasimama. Lakini watu hawakujua kwamba utasimama. Wazee walikumbuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto ulipopita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu, na watu karibu 120,000 wakakosa nyumba. Kwa hiyo kila mtu alikimbia: wengine kwenye mpaka wa Rwanda, wengine kwenye njia ya Sake. Watu zaidi ya 30 walikufa katika msiba ule, na wengine kati yao walikufa katika ajali za njia wakati wa kukimbia. Shirika la UNICEF lilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walitengana na jamaa zao.

Usiku ule, katika kundi la shirika moja tulilokuwamo, mamia ya habari yaliandikwa. Mmoja alisema: "Moto umefika Birere." Mwingine akajibu: "Uongo, mimi niko Birere, hakuna moto." Wa tatu akatuma picha ya mwaka 2002 kama picha ya usiku ule. Wengi walituma sala, nasi tulituma sala vilevile. Katikati ya maneno hayo mama mmoja aliandika kwamba mtoto wake wa miaka saba, mwenye shati ya kijani, amepotea karibu na mpaka. Neno lake lilionekana dakika mbili, tatu, kiisha likafunikwa.

Mwanamke mwingine wa shirika lile lile alikuwa amemwokota mtoto yule na kumvusha mpaka Gisenyi. Alikuwa na telefone mkononi. Alikuwa katika kundi lile lile. Lakini hakuona neno la mama, na mama hakuona neno lake, kwa sababu yeye pia aliandika, na neno lake pia lilifunikwa. Walipatana nyuma ya siku mbili, tena kwa mdomo wa watu, si kwa telefone. Tangu siku ile tulianza kujiuliza: kundi hili lina kazi gani, kama siku ya shida haliwezi kumrudishia mama mtoto wake?

Siku tano baadaye, tarehe 27 mwezi wa tano, liwali wa jeshi alitoa amri kwamba makartie 10 kati ya 18 ya mji yahame mara moja, kwa hofu ya moto mwingine chini ya udongo na chini ya ziwa. Mapendo ilikuwa moja ya hayo 10. Watu karibu 400,000 walitoka katika mji. Na tena katika telefone kukawa maneno mengi: makartie gani? njia gani? hewa mbaya imekwisha toka katika ziwa? Tangazo la kweli lilikuwako tangu alfajiri. Lakini lilikuwa kama punje moja ya mchele katika gunia la mchanga.

II. Mto na mtungi

Tueleze kwanza shina la shida. Mazungumzo ni kama mto. Maji yanapita, mengine yanakuja. Maji ya asubuhi huwezi kuyateka magaribi. Kitu hicho si kibaya. Watu wanahitaji mto: kusalimiana, kucheka, kulia pamoja, kujua kwamba jirani yuko hai.

Lakini ujuzi ni kama maji ya mtungi. Mtu ameyateka, ameyachuja, ameyafunika, ameyaweka pahali panapojulikana na wote. Mwenye kiu akiingia nyumbani hata usiku, anajua mtungi uko wapi.

Kosa letu ni hili: tunataka mto ufanye kazi ya mtungi. Tunaweka tangazo la amri, jina la mtoto aliyepotea, bei ya dawa, saa ya Misa na mchezo wa vijana katika maji yale yale, kiisha tunastaajabu kwamba hakuna anayepata kitu. Si kwa sababu watu ni wabaya. Ni kwa sababu chombo hakikupangwa. Barza ya wazee wetu ilipangwa: kulikuwa mwenye kuongoza neno, kulikuwa zamu ya kusema, na mwishoni mzee mmoja alikusanya maneno yote na kusema, "Basi, tumepatana hivi." Katika telefone tulileta watu wa barza, lakini tuliacha mpango wa barza nje ya mlango.

III. Mifano ya majirani zetu

Yafaa tuone namna wengine walivyopanga kazi hii.

Katika inchi ya Kenya, mwanzo wa mwaka 2008, kulikuwa mauaji nyuma ya uchaguzi. Watu wachache wenye ujuzi wa mashine walitengeneza chombo walichokiita Ushahidi. Mtu aliyeona jambo aliweza kutuma habari fupi kwa telefone ao kwa intaneti, na habari ile iliwekwa juu ya ramani, pahali pake na kwa tarehe yake. Tuangalie jina lenyewe: ushahidi si uvumi. Shahidi husema ameona nini, wapi, na lini. Habari isiyokuwa na pahali wala saa ni vigumu kuiweka kwenye ramani. Kumbe umbo la chombo lenyewe linamfundisha mtu kusema vizuri.

Mfano wa pili ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa katika mwaka 2003. Ni kitabu kikubwa katika intaneti kinachoandikwa na watu wa kujitolea. Mtu yeyote aweza kusahihisha, lakini kila sahihisho linaandikwa katika historia ya ukurasa, na kosa laweza kuondolewa. Jambo la kutufundisha ni hili: nyuma ya kila ukurasa kuna ukurasa mwingine wa majadiliano. Wanaobishana wanabishana kule nyuma; mbele unabaki ujuzi. Mto uko nyuma, mtungi uko mbele, na mlango kati yao uko wazi.

Mfano wa tatu ni JamiiForums ya Tanzania, iliyoanza katika mwaka 2006. Huko watu wengi wanazungumza juu ya mambo ya inchi bila kutoa jina lao la kweli, na kila shauri lina chumba chake. Katika mwaka 2016 mkubwa wake, Maxence Melo, alikamatwa na kupelekwa mahakamani, na moja ya sababu ni kwamba alikataa kutoa habari za watu walioandika. Hapa tunajifunza kwamba mlinzi wa mazungumzo ana amana mkononi. Majina na maneno ya watu si mali yake.

Mfano wa ine ni wa kwetu. Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini, kuanzia tarehe 1 mwezi wa nane 2018 mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu 2,287 walikufa. Katika mwezi wa saba 2019 mgonjwa wa kwanza alifika Goma. Watu wengi hawakuwaamini waganga. Walisema kwamba katika mifuko ya maiti kuna mawe, ao kwamba viungo vya maiti vimeuzwa. Mtu angeweza kuwaita wajinga na kuwafokea. Lakini wasaidizi wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika maneno hayo yote bila kuyacheka: maulizo, hofu, hasira. Kiisha wakayapanga pamoja na kuyapeleka kwa wakubwa wa kazi. Tunda moja lake ni mifuko yenye kipande cha kuonea ndani, kusudi jamaa waone uso wa ndugu yao mbele ya kumzika. Uvumi haukushindwa kwa kelele kubwa zaidi. Ulisikilizwa, ukaonekana kwamba ndani yake kuna ulizo la haki: "Tunamzika nani?", na ulizo lile likajibiwa kwa matendo.

Mfano wa tano ni neno moja tu: mazuku. Watu wa Goma wanajua tangu zamani kwamba katika mashimo na mabonde fulani kuna hewa inayoua mbuzi, kuku, hata watoto. Wenye elimu walieleza baadaye kwamba ni gesi ya kaboni itokayo udongoni. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo inakaa chini kama maji katika bakuli. Leo wataalamu wa volkano katika vitabu vyao wanaiita mazuku, kwa neno letu. Maana yake ujuzi hautoki kwa wakubwa tu na kushuka kwa wadogo. Hupanda pia. Katika mwaka 2021 watu kadhaa walikufa kwa kuvuta hewa mbaya walipopita juu ya mawe ya moto yaliyokuwa bado kupoa. Wazee waliojua hatari hiyo walikuwako, na vijana wasiojua walikuwako, labda katika kundi moja la telefone. Njia kati yao haikuwako.

IV. Kanuni sita kwa mashirika yetu

Tangu hapo, pamoja na makatekista na wazee wa mashirika, tulijaribu kupanga upya. Tunatoa hapa kanuni tulizoziona kuwa nzuri.

Kwanza: kutenga nyumba mbili. Shirika liwe na kundi la mazungumzo, ambamo wote wanaandika, na kundi la matangazo, ambamo wasimamizi tu wanaandika. WhatsApp inaruhusu jambo hili bila feza yoyote. Katika kundi la matangazo kusiingie salamu wala wimbo, hata wimbo mtakatifu. Linyamaze siku tatu kama hakuna neno. Siku litakaposema, watu watasikia.

Pili: kila habari iwe na baba. Mwenye kuleta habari ya hatari ajibu maulizo matatu: Nani aliona? Wapi? Saa ngapi? Kama hawezi kujibu, aseme wazi, "Nimesikia tu." Kusema hivyo si haya, ni ukweli. Tena tuwafundishe watu alama ya mishale miwili inayoonekana juu ya habari iliyokwisha pita mikono mingi. Alama hiyo haisemi kwamba habari ni uongo. Inasema tu kwamba baba yake yuko mbali.

Tatu: ulizo lisife bila jibu. Hii ndiyo kanuni kubwa. Katika kila shirika mtu mmoja awe mwandishi wa maulizo. Kila magaribi anapitia mazungumzo ya siku, anatoa maulizo ya kweli, anayaandika katika daftari: tarehe, ulizo, nani aliyejibu, jibu gani. Ulizo lisilojibiwa anakwenda kumwuliza mwenye kujua: muganga, mwalimu, shefu wa avenyu, padri, ao watu wa Observatwari ya volkano. Nyuma ya miezi sita daftari hilo linakuwa mtungi. Tuliona sisi wenyewe kwamba maulizo yale yale yanarudi: karatasi ya kuzaliwa ya mtoto inapatikana wapi? homa ya mtoto ikipita siku mbili tufanye nini? rangi ya njano kwenye kibao cha volkano maana yake nini? Mwaka wa kwanza tulijibu mara ishirini. Leo tunasema: "Soma daftari."

Ine: walinzi wawe wachache, wachaguliwe, na wabadilishwe. Watatu watosha: mama mmoja, mzee mmoja, kijana mmoja. Mtu mmoja peke yake akishika kundi, kundi linakuwa shamba lake. Walinzi watangaze sheria mbele ya kosa, si nyuma yake. Mwenye kukosea aonywe kwanza kwa siri, kisha mbele ya walinzi wawili, na kumtoa kuwe dawa ya mwisho. Sisi mapadri tusipende kuwa walinzi. Neno la padri likiingia mapema, mazungumzo yanakufa, watu wanabaki kuandika "Amina".

Tano: kulinda majina. Katika inchi yenye vita, neno dogo laweza kuua. Tusiandike jina la mtu anayejificha, wala nyumba aliyomo, wala ugonjwa wake, wala kabila lake kwa kumsingizia. Mtoto aliyepotea atajwe kwa alama zinazotosha kumtambua, na mara akipatikana habari yake ifutwe. Anayetaka kuuliza jambo la haya amwandikie mwandishi peke yake, naye aliweke ulizo kwa wote bila jina.

Sita: kuwakumbuka wasiokuwa na telefone. Katika Mapendo wamama wengi wanaouza sokoni hawana telefone ya intaneti, na wazee wengi hawasomi. Kwa hiyo tangazo la maana lisomwe katika mkutano wa shirika, libandikwe kwenye mlango wa kanisa, litumwe pia kwa sauti, kwa Kiswahili chepesi, dakika moja basi. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia mjini, umeme ulikatika na intaneti ikakatika. Mitungi yote iliyokuwa ndani ya telefone ilifungwa siku hiyo. Daftari la karatasi halikufungwa. Ndiyo sababu tunasema: telefone ni njia nzuri, lakini isiwe njia ya pekee.

V. Majibu kwa wenye mashaka

Mtu atasema: "Kazi hii ni ya serikali na ya rediyo." Tunajibu: ni kweli, nayo rediyo inafanya kazi kubwa, Radio Okapi inasikika katika inchi yetu tangu mwaka 2002. Lakini rediyo haijui kwamba Mama fulani wa avenyu yenu hawezi kutembea na anahitaji watu wawili wa kumbeba. Shirika lajua. Maaskofu wa Kongo walipochagua katika mwaka 1961 kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo zenye uhai, walitaka watu wajuane kwa jina na kusaidiana katika maisha yao ya kila siku. Kujulishana ukweli ni msaada.

Mwingine atasema: "Seminarista asome teolojia, asipoteze wakati na telefone." Tunajibu: Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa, tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 1963, maandiko mazima juu ya vyombo vya kupashana habari, jina lake Inter mirifica. Mababa wa Mtaguso hawakuona kwamba jambo hilo ni mchezo. Tena seminarista wa leo, akipewa parokia, atakuta makundi arobaini ya telefone siku ya kwanza. Afadhali ajifunze sasa.

Wa tatu atasema, naye ndiye mwenye neno gumu: "Mukiweka walinzi na daftari, mutaua furaha ya watu. Mazungumzo si ofisi." Hapo twakubali kwamba hatari iko. Tuliona shirika moja lililoweka sheria kumi na tano. Nyuma ya mwezi moja hakuna aliyeandika neno. Ndiyo sababu tunasema nyumba mbili, si moja. Mto uendelee kupita, watu wachekeshane, watume picha za harusi. Tusiweke ukuta katika mto. Tuweke mtungi kando yake, na mtu mmoja mwenye moyo wa kuteka maji kila magaribi.

VI. Tuanze wapi?

Asiyeweza kufanya yote sita aanze na moja: daftari la maulizo. Lanunuliwa kwa feza kidogo, halihitaji umeme, na mwandishi wake aweza kuwa kijana yeyote mwenye mwandiko mzuri na sikio lenye subira. Katekista alisome kila siku ya Mungu nyuma ya Misa, dakika tano tu: maulizo gani yalikuja, majibu gani yamepatikana, na ulizo gani bado lina njaa ya jibu. Mutaona namna watu wanavyoinua kichwa wanaposikia ulizo lao wenyewe likisomwa.

Nyiragongo bado iko pale juu, kila usiku tunauona mwekundu wake wakati mawingu yanapoachana. Hatujui siku wala saa. Lakini yule mama wa shati ya kijani bado yuko katika shirika letu, na mtoto wake amekuwa kijana wa kutumikia Misa. Tulipomwuliza kama anakubali tuandike habari yake bila jina, alijibu: "Andikeni, Padri. Lakini muandike na hili pia: siku nyingine, mtu mmoja awe na kazi ya kusoma."

Neno lake linatosha kumaliza letu. Katika kila kundi wako wengi wa kuandika. Tuchague mmoja wa kusoma.